Mwalimu na Pimbi wa Kiseke

Nilitoka Mpanda nikiwa nimefunga mashine ya kurekodia ndani ya blanketi, na njia nzima wanawake kwenye behewa waliniuliza kama mtoto wangu haamki kunyonya. Bendi yetu ilikuwa imekufa. Kila mtu alichukua alichoweza: mmoja gitaa, mwingine ngoma, na kiongozi akaondoka na spika zote pamoja na mke wa mpiga besi. Mimi nikabakiwa na kitu ambacho hakuna aliyekitaka, mashine ya kaseti yenye njia nne. Unarekodi sauti nne, kila moja peke yake, kisha unazichanganya ziwe wimbo mmoja. Kwa mtu mwenye bendi ni mali. Kwa mtu asiye na bendi ni mzigo.

Kaliua tulilala chini tukisubiri kuunganishwa na treni nyingine. Tabora askari mmoja alinifungulia blanketi langu mbele ya watu.

"Hii redio ya nani?"

"Siyo redio, afande. Ni ya kurekodia."

"Kumrekodi nani?"

"Bado sijajua."

"Washa tuone."

"Inataka umeme, afande."

Akaitazama, akanitazama. "Basi wewe umebeba jiwe," akasema, akanirudishia.

Nilikumbuka neno lile treni ilipoingia Mwanza asubuhi na nikayaona mawe yenyewe, makubwa kuliko nyumba, yamepandana mlimani kama vile mjenzi aliitwa chakula na hakurudi. Sikuwa na mwenyeji. Kwenye kibanda cha chai karibu na stesheni nilimwambia muuza chai habari za mashine yangu, na yeye akasema kuna mwalimu wa kwaya huko Kiseke anayerekodi kwaya nyumbani kwake, na mashine yake imekufa. Nikanywa chai, nikaenda.

Nilimkuta uani anapepeta mchele. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, amefunga kitambaa cheupe kichwani, mjane ambaye ualimu wa shule ya msingi alikuwa ameuacha lakini jina la Mwalimu lilikataa kumwacha. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na badala ya kuniuliza jina akaniambia nifumbe macho.

"Sikiliza. Unasikia nini?"

"Jogoo. Watoto. Redio ya jirani."

"Na nini kingine?"

"Basi, hayo tu."

"Na pimbi?"

"Pimbi gani, Mwalimu?"

"Yule aliyepiga mluzi juu kule, mara mbili. Fumbua macho. Utazoea."

Pimbi, kwa asiyewajua, ni wanyama wadogo wanaofanana na sungura aliyekatwa masikio. Wanaishi kwenye mawe ya Mwanza kwa wingi, na mmoja wao akiona mwewe au mbwa hupiga mluzi mkali, mwembamba, kuwaonya wenzake. Mwalimu aliwasikia kupita ukuta na kupita kwaya nzima ikiimba kwa nguvu. Mimi nilikaa naye muda mrefu kabla sijaanza kuwasikia bila kuonyeshwa.

Nianze na jambo hili mapema ili msomaji asije akadhani namficha kitu: masikio ya mwanamke huyu yalikuwa ndiyo shamba lake, na katika miaka ile niliyokaa Kiseke yalikuwa yanakufa. Kwaya zilitoka Magu, zilitoka Sengerema kwa kivuko, zikapita mjini bila kusimama, kwa sababu ya masikio hayo. Mwalimu aliogopa kwamba zikijua, hazitakuja.

Nyumba yake haikufanana na studio. Sebuleni aliegemeza magodoro ukutani na kutundika mapazia ya vitenge mawili mawili. Saruji ya sakafu ilijaa alama za chaki. Pale alipotaka besi wasimame kulikuwa na duara, kwenye kona ya kabati. Sauti ya kwanza, wale dada wa sauti nyembamba za juu, walikuwa na mstari karibu na dirisha. Mahali pengine mtu akiimba kwa nguvu sana hushushwa kwa kitufe. Kwa Mwalimu alishikwa mabega akarudishwa nyuma hatua moja, na chaki ikachorwa upya kwenye vidole vya miguu yake. Nimewaona wazee wa kanisa, watu wenye ng'ombe na wake na heshima, wakirudishwa nyuma hivyo mpaka jikoni, na wakaimba wakiwa jikoni.

Mwangwi wake alikuwa nao nyuma ya nyumba. Mawe mawili makubwa yalikuwa yameegemeana, na katikati yake kulikuwa na uwazi mtu anaoweza kuingia akiinama. Mwalimu aliuita chumba cha pili. Wimbo ukishamalizika kurekodiwa tulipeleka spika ndani ya uwazi ule, tukaweka maiki mwisho wa upande wa pili ikiwa imevikwa soksi ya sufu kwa ajili ya upepo, na waya ukapita dirisha la jikoni mpaka kwenye mashine. Tuliucheza wimbo, mawe yakaurudisha, nasi tukarekodi kile mawe yalichorudisha na kukichanganya kidogo na sauti ya sebuleni. Ilitakiwa kufanyika asubuhi kabla upepo wa ziwani haujaamka. Ilitakiwa pia kujua mawe yameamkaje. Baada ya mvua mwangwi ulikuwa mrefu na wenye baridi, wakati wa kiangazi mfupi na mkavu. Kwaya ya maombolezo aliiambia irudi masika.

Juu ya mwangwi alikuwa na maneno mengi. Kwaya zote zilitaka uwe mwingi, maana kaseti za siku zile zilizotoka mbali zilisikika kama watu wanaoimba ndani ya tangi. "Mwangwi ni pombe ya harusi," aliwaambia. "Kidogo inachangamsha, nyingi inaleta kesi." Wakizidi kumwomba, aliongeza: "Mtu anayetaka mwangwi mwingi kuna kitu ameficha. Tuambieni ni nani haimbi." Mara nyingi kweli yupo asiyeimba, na mara nyingi ni mke wa mchungaji.

Neno lake kubwa lilikuwa "Funga macho." Aliwaambia waimbaji, aliniambia mimi, alimwambia hata fundi aliyekuja kutengeneza bomba na kudai kwamba halivuji. Aliamini kwamba macho ni watu wambeya, yanaeleza kabla hayajaulizwa. Aliongoza kwaya yake mwenyewe pale kanisani akiwa amefumba. Mwenyekiti wa kwaya hiyo, mfanyabiashara wa samaki mwenye besi nene na tumbo la kuilisha, alipenda kusema kwamba siku moja watatoroka wote kupitia mlango wa nyuma wamwone atamwongoza nani.

"Nitasikia mlango," Mwalimu alimjibu.

Pamoja na ukali wake, alikuwa na mambo yasiyopatana. Alikemea muziki wa dansi mbele ya wageni, na wageni wakiondoka aliwasha redio na kukoroga ugali kwa mapigo ya gitaa. Chai yake ilikuwa na sukari ya kuhesabu, lakini sato mkubwa akiletwa alikata kichwa, sehemu ambayo kila mtu anaitaka, akampelekea jirani waliyegombana naye juu ya mpaka. Aliongea kwa sauti ya chini sana. Alisema mwalimu anayepaza sauti ameshashindwa. Ukiongea chini, wanafunzi wanakusogelea wenyewe.

Mimi aliniita Msafiri, kwa sababu sikukaa. Nilikuwa nikichoka naingia kwenye basi la Musoma, au napanda meli ya Bukoba, nakaa miezi, narudi. Mashine yangu niliiacha kwake kila nilipoondoka. Hakuwahi kuniuliza nilikokuwa. Alisema tu, "Kuna kwaya ya Jumamosi. Funga ile soksi vizuri."

Ilikuwa baada ya mojawapo ya safari hizo ndipo nilipoona kwamba ameanza kuongea kwa sauti. Nikadhani ni hasira. Halafu Mwenyekiti akaja na kaseti ya kwaya moja ya Magu aliyoitoa Mwalimu mimi nikiwa safarini. Alikuwa ameisikiliza kwenye gari lake la samaki.

"Mwalimu, samahani," alisema. "Hii imekuwaje? Kila wakisema Yesu, naona kama mtu ananikata kwa wembe. Sss, sss. Mke wangu kaniambia nizime, eti nyoka."

"Gari lako lina spika za bati."

"Gari ni lile lile, Mwalimu. Kaseti ya mwaka juzi naisikiliza humo humo, ni asali."

Mwalimu akaichukua kaseti, akaiweka mfukoni kwenye aproni, akamuuliza bei ya samaki. Mwenyekiti alipoondoka niliichukua nikaisikiliza, na alikuwa amesema kweli. Sauti za juu zilikuwa zimepandishwa kupita kiasi. Nikazitafuta kaseti nyingine za miezi ile nilipokuwa Bukoba. Kila moja ilikuwa kali kuliko iliyotangulia. Sikuelewa bado. Nilifikiri labda mashine imechakaa, nikasafisha kichwa chake kwa spiriti.

Niliielewa siku ya pimbi. Kwaya yake mwenyewe ilikuwa sebuleni ikijaribu wimbo wa polepole, mashine ikirekodi mazoezi, imefika pale ambapo sauti ya kwanza wanabaki peke yao. Pimbi alikuwa karibu, nadhani juu ya paa la jiko, akapiga mluzi mrefu unaopenya sikio. Watu wote walinyamaza kwa mazoea, maana katika nyumba ile mluzi wa pimbi ulikuwa amri ya kusimama. Siku nyingine tungeanza upya, na Mwalimu angetoka nje na fagio. Lakini mikono yake iliendelea. Alikuwa amefumba macho, anaongoza kwaya iliyonyamaza, na uso wake ulikuwa na mashaka madogo, kama mtu aliyefika mahali anapopajua akakuta nyumba imehamishwa. Kisha akafumbua.

"Mbona mmeacha?"

Mwenyekiti akakohoa. "Nimekabwa na mate, Mwalimu," akasema. "Tuanze tena."

Jioni ile tulikuwa tunakunja nyaya. Akaniambia bila kunitazama, "Alilia, eh?"

"Alilia, Mwalimu."

"Nilikwenda hospitali ulipokuwa huko kwenu Bukoba." Bukoba haikuwa kwetu. "Daktari anasema masikio yanazeeka kuanzia juu, kama paa. Kuta zinabaki. Besi nawasikia vizuri sana. Hata nyie mnavyonisengenya nawasikia. Ila juu kule kumefungwa." Akafunga waya fundo. "Napandisha mpaka nisikie. Kumbe nawakata watu kwa wembe."

Nikaokota waya uliofuata.

"Msafiri, unajua unachokijua."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi kijue kimya kimya."

Tatizo lilikuwa kwaya yake. Kwa miaka yote ile alikuwa amerekodi kwaya za wengine, na yake mwenyewe haikuwa na kaseti hata moja. Kwanza alisema hawajaiva. Walipoiva akasema mvua. Sasa sauti zilikuwa zinaanza kuchoka, dada mmoja wa sauti ya kwanza alikuwa anahamia Shinyanga kwa mumewe, na Mkuyuni ilikuwa imefunguliwa studio ya kisasa yenye kinanda kinachojipigia ngoma chenyewe na mwangwi wa kuchagua kwa kitufe. Redio za watu binafsi zilikuwa zimeanza, zikawa zinataka kaseti safi. Mwenyekiti alikuja kusema kwa niaba ya wenzake, akiwa amevaa koti ingawa kulikuwa na joto.

"Mwalimu, sisi hatutaki kwenda kwa mtu. Lakini kama ni Pasaka, tuseme Pasaka. Kama haiwezekani, tuende Mkuyuni, tujue moja."

"Pasaka," alisema Mwalimu.

Mimi nilidhani atanipa mimi kazi ile yote. Angeweza. Lakini aliniambia waziwazi kwamba kwaya aliyoifundisha yeye haitachanganywa na sikio la mtu wa Mpanda asiyekaa nyumbani. Akanunua kompyuta.

Aliinunua kwa bwana mmoja mwenye duka la redio mjini, Mhindi mwenye masharubu, ambaye babu yake alianza na tochi na betri na yeye sasa ameingia kwenye vitu vya Dubai. Mabibi wa Kisukuma walikwenda dukani kwake kwa ajili tu ya kuamkiwa mwangaluka, kwa Kisukuma chao, na kuulizwa habari za mbuzi. Alizoea kumwuzia Mwalimu kaseti tupu, na kompyuta aliileta mwenyewe hadi Kiseke, imefungwa kwenye kiti cha nyuma kama mgonjwa. Alileta pia programu mbili za kurekodia ili Mwalimu achague. Mwenyekiti naye akaja kushuhudia, kwa kuwa alikuwa na wasiwasi na Pasaka yake.

Programu ya kwanza ilikuwa nzuri kuitazama. Ilichora kwenye kioo studio nzima, vitufe vinavyong'aa, taa zinazopanda na kushuka.

"Hii ina kila kitu, Mwalimu," alisema yule bwana. "Mwangwi wa aina zote. Ona. Kanisa kubwa. Ukumbi. Pango. Bafu."

"Bafu la nini?" Mwenyekiti akauliza.

"Sauti inakuwa kama uko bafuni."

"Bafuni kwangu kuna bati na ndoo. Nani atanunua hiyo?"

"Ulaya bafu ni la vigae, mzee."

"Basi wakaimbie huko."

Programu ya pili ilikuwa ya kijivu. Haikuwa na taa. Ukibonyeza amri ya mwangwi ilikaa inafikiri mpaka unaweza kuchemsha chai ukanywa. Yule bwana aliionyesha haraka haraka, kwa ajili ya kutimiza wajibu, na alipokuwa anapita akagusa mahali fulani, kioo chote kikageuka rangi: chini nyekundu na njano, katikati kijani, juu bluu iliyofifia hadi nyeusi.

Mwalimu akavuta kiti mbele. "Hapo. Inachora nini?"

"Sauti yenyewe. Chini ni nzito, juu ni nyembamba, inakwenda hivi kufuata muda. Lakini hii ni ya mainjinia, Mwalimu, siyo ya waimbaji. Haina kanisa, haina pango."

"Pango ninalo," alisema Mwalimu. "Msafiri, leta ile kaseti ya siku ile."

Hakusema siku ipi. Nikaleta, tukaunganisha waya, tukaingiza kipande. Wote tulisikia kwaya, kisha pimbi, kisha ukimya, na sauti ya Mwalimu ikiuliza mbona mmeacha. Mwenyekiti aliangalia viatu vyake. Mwalimu aliangalia kioo. Juu kabisa, palipokuwa peusi, palikuwa na kijistari kimoja chembamba kilichopinda kidogo mwishoni, kama uzi kwenye nguo.

Akaweka kidole. "Huyu ni nani?"

"Labda kelele ya kaseti," yule bwana akasema.

"Ni pimbi," nikasema mimi.

Mwalimu hakuondoa kidole. "Kumbe bado unapiga kelele," akauambia ule mstari. Halafu akamgeukia yule bwana. "Nachukua hii ya kijivu."

"Mwalimu, utajuta. Ya kwanza ni ya kisasa."

"Ya kwanza inanionyesha mashine. Hii inanionyesha watu."

Mwanamke aliyeishi kwa kuwaambia watu wafunge macho akakaa kuanzia wiki ile mbele ya kioo, miwani puani, hafumbi hata anapopiga chafya. Nilimtania mara moja tu.

"Funga macho, Mwalimu."

"Nyamaza, usinipoteze. Nipo kwenye alto."

Njia aliyoitumia sijawahi kuiona tena kwa mtu mwingine, na baadaye nimepita studio nyingi, za Arusha hadi Mbeya. Alichukua kaseti zake za zamani, zile Mwenyekiti alizoziita asali, akaziingiza moja moja kwenye kompyuta na kuzitazama. Aliangalia bluu ya juu ilifika wapi wakati ule masikio yake yalipokuwa mazima. Herufi za wembe zilionekana kama moshi unaopanda kutoka kwenye neno. Akatazama zamani moshi ulikuwa mwepesi kiasi gani. Kisha akafungua wimbo mpya na kuushusha polepole mpaka picha yake ifanane na ile. Alikuwa anajifuata mwenyewe kwa nyuma, kwa nyayo. Akimaliza, alinigeukia mimi.

"Sasa wewe sikia. Nimekata au nimepaka asali?"

Mara za kwanza nilimwambia bado kuna wembe. Baadaye alianza kupatia. Umeme ulikatika mara nyingi, na kazi ya mchana mzima ikaondoka nao, kwa kuwa alikuwa anasahau kuihifadhi. Aliichukua hali hiyo kama alivyochukua wanafunzi wanaosahau. Alianza upya bila kunung'unika. Mwangwi hakuugusa kwenye kompyuta. Tulibeba spika kwenda chumba cha pili asubuhi, kama zamani, maiki imevaa soksi. Kuna siku pimbi walikuwa wengi nikamwambia tuache.

"Waache walie," alisema. "Nitawakamata ndani." Na kweli aliwakamata, mmoja mmoja, kwa macho, akiwafuta kwenye kioo kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele.

Aliwaambia kwaya mwenyewe. Sikutegemea. Ilikuwa mazoezini, kabla ya kurekodi nyimbo za mwisho, na alisema kwa namna ile ile anayosema mtu aje na soda.

"Sauti ya kwanza, siwasikii vizuri. Siyo kosa lenu, ni masikio. Fungueni midomo niwaone. Anayetaka kwenda Mkuyuni aende leo, asinisumbue katikati ya wimbo."

Walitazamana. Mwenyekiti akavua kofia yake.

"Mwalimu, sisi tulijua siku ya pimbi."

"Na mkanyamaza?"

"Tulifikiri ni siri."

"Mkabaki?"

"Sasa twende wapi?" akauliza Mwenyekiti. "Pale Mkuyuni wana bafu."

Kaseti ikatoka kabla ya Pasaka. Nayasema haya bila kuongeza chumvi: haikuleta maajabu. Iliuzwa kanisani, ikapigwa redioni asubuhi za Jumapili, ikasikika kwenye magari ya samaki. Kwaya za mbali zilipopata habari ya masikio ya Mwalimu, baadhi ziliacha kuja, kama alivyoogopa. Nyingine ziliendelea, na chache ziliongezeka, zilizotaka kuona sauti zao zimechorwa. Mzee mmoja wa Sengerema aliomba aonyeshwe besi yake, akaitazama ile nyekundu kwa muda mrefu, akasema inafanana na shamba lake wakati wa kulima.

Mimi nilikuwa nimeanza kusikia miguu inawasha. Safari hii nilijua sirudi. Kulikuwa na kazi Dodoma, na baada ya Dodoma kungekuwa na kwingine. Mashine ya njia nne nilimwachia. Alisema ataiweka kabatini imsubiri askari wa Tabora.

Asubuhi ya kuondoka nilimkuta uani, pale pale nilipomkuta siku ya kwanza, na ungo magotini. Nilikuwa nimeisikiliza kaseti yao usiku uliopita, upande wa pili hadi mwisho, na kulikuwa na kitu nilichotaka kumwambia nikiwa na haya kidogo.

"Mwalimu, kuna pimbi mmoja amebaki. Wimbo wa mwisho, sauti ya kwanza wanaposhikilia."

"Namjua."

"Ulimwona?"

"Nilimwona, nikamwacha. Nilipima. Mstari wake umelala juu ya mstari wa wale dada, sambamba, mpaka mwisho, hauendi huku wala kule." Akatupa pumba upepo ukazichukua. "Nimefundisha sauti ya kwanza maisha yangu yote, Msafiri. Nikamfukuze anayekaa kwenye noti?"

Nikacheka. Yeye hakucheka, alikuwa anatoa taarifa.

Nikabeba begi langu. Ajabu, lilikuwa jepesi, mikono haikujua ishike nini. Nilimuaga, akaniambia nisile samaki wa njiani, nikafika kwenye njia inayoshuka kati ya mawe. Hapo juu kulia kwangu, karibu kabisa, pimbi akapiga mluzi. Bila kukusudia, niligeuka kumtafuta kwa macho.

Mwalimu alikuwa amesimama uani, ungo mkononi. Hakutazama mawe. Alikuwa ananitazama mimi usoni.

"Amelia?" akauliza kwa sauti ya kufika nilipo.

"Amelia, Mwalimu."

Akatikisa kichwa kwamba sawa, kama mtu anayeweka alama ya chaki mahali pake.

"Haya," akasema. "Nenda."